Mbona pesa za mazingira zinafuata Kiingereza?

Jumamosi asubuhi, pita mtaa wowote wa Nairobi ulio karibu na mto. Utapata vijana wamevaa gambuti, wana reki na magunia, wanazibua mitaro na kupanda miti pale palipokuwa na jaa. Hakuna anayewalipa. Waulize kama wamewahi kuomba ruzuku, watakucheka. Kuna walioomba wakajibiwa kwa barua pepe ya mistari mitatu, na kuna ambao wanangoja jibu mpaka leo. Halafu unaingia mtandaoni unaona shirika fulani lenye ofisi ya vioo limepata mamilioni ya "kuwajengea uwezo" vijana hao hao.

Mimi nasema hivi: pesa za mazingira humu nchini zinaenda kwa anayejua kuandika, zinamruka anayejua kufanya. Na hilo si kosa la vijana.

Vikundi vya mtaani huniita niwajazie fomu kwa sababu nilipita chuoni kidogo kabla ya kuacha, na Kiingereza hakinisumbui. Kwa hivyo maswali yenyewe nimeyaona. Fomu inataka "nadharia ya mabadiliko". Inataka jedwali la viashiria. Inataka hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili. Jameni, kikundi kinachouza chupa za plastiki kwa kilo kitamtoa wapi mkaguzi? Ada yake inashinda kila kitu kilicho kwenye akaunti. Swali la maana, kwamba mtaro ulikuwaje na sasa ukoje, limetengewa nafasi ndogo kama ya kuandika jina. Siku hizi wengi wanampa ChatGPT kazi hiyo, na maombi yote yanatoka na sauti moja, ya mtu ambaye hajawahi kushika gunia.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mfadhili wa kutoka nje anaweza kusema hilo halimhusu. Sawa. Lakini kaunti na taasisi za serikali zinazogawa pesa za miti na taka zina kisingizio gani cha kutoa fomu za Kiingereza pekee?

Na si eti haiwezekani. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, unaosimamiwa na UNDP, uko Kenya tangu 1993 na huwapa wanajamii pesa moja kwa moja. Katika nchi nyingine mpango huo umewahi kupokea maombi kwa video na picha kutoka kwa watu wasiojua kusoma. Kama mzee wa kijijini huko anaweza kusimama mbele ya kamera aonyeshe msitu wake, mbona sisi tulio na TikTok mfukoni tulazimishwe kurasa 20?

Mpango huo pia una jambo ambalo vikundi vingi havilijui: mchango wenu haulazimiki kuwa pesa taslimu. Nguvu zenu zinahesabiwa. Chukua kikundi cha watu 15 kinachofanya usafi Jumamosi 50 kwa mwaka. Hizo ni siku 750 za kazi. Zikadirie kwa shilingi 500 tu, tayari mmeweka mezani shilingi 375,000. Lakini nani ameziandika? Daftari la mahudhurio la shilingi 50, lenye tarehe na sahihi, lina nguvu kuliko aya kumi za Kiingereza cha kukopa. Piga picha kabla ya kazi na baada ya kazi, kila wiki, mkiwa mmesimama mahali pale pale.

Cheti nacho ni lazima. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 mnahitaji angalau wanachama 10, katiba yenu na kumbukumbu za mkutano mliochagua viongozi. Hapo ndipo mabroka hujitokeza, wale wa "nina mtu ndani, nipeni asilimia kumi." Mfukuzeni. Ruzuku ya kweli haiuzwi.

Kuna pesa nyingine ambazo hata hazihitaji uandike maombi. Mpango wa FLLoCA, ulio chini ya Hazina ya Kitaifa kwa ufadhili wa Benki ya Dunia na wengine, hupitisha pesa za tabianchi kwenye kaunti, nazo kaunti hutakiwa kutenga angalau asilimia 1.5 ya bajeti yao ya maendeleo. Miradi huanza kupendekezwa na kamati za wadi. Kamati hizo zinafaa kuwa na vijana ndani. Shida ni kwamba mkutano ukiitwa, tangazo linabandikwa kwa mlango wa ofisi ambayo hakuna kijana hupitia, na wanaokuja ni wale wale wa kila siku.

Basi Jumatatu pitieni kwa msimamizi wa wadi, mkiwa watano au sita, muulize kijana anayewawakilisha kwenye kamati hiyo ni nani. Mkitajiwa mtu mwenye wajukuu, ombeni kumbukumbu za mkutano uliomchagua.