Soketi za Ndani na Mafunzo ya Programu Shuleni

Watu wengi hudhani kwamba mwanafunzi hawezi kujifunza namna programu zinavyowasiliana mpaka shule yake iwe na intaneti. Dhana hiyo si sahihi, nayo huchelewesha somo lenye manufaa makubwa. Mwaka 1983, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la 4.2 la mfumo wake wa Unix, na ndani yake mlikuwamo soketi, yaani ncha ambazo kwazo programu mbili hupelekeana data. Aina mojawapo ya soketi hizo haitoki nje ya kompyuta kabisa.

Anwani ya soketi ya ndani ni jina la faili, mathalan /tmp/darasa. Programu ya kwanza, iitwayo seva, hujipa jina hilo na kusubiri. Ya pili, mteja, hulitaja jina lilo hilo na kuunganishwa. Data haziandikwi katika faili hilo hata kidogo. Kiini cha mfumo huzihamisha katika kumbukumbu, na faili ni kama kibao cha jina mlangoni.

Katika lugha ya C kazi hiyo hudai hatua nyingi, pamoja na kupanga anwani ambayo, katika Linux, ina nafasi ya baiti 108 tu kwa jina. Python hukusanya hayo yote katika kitu kimoja chenye matendo yake: kusikiliza, kupokea, kutuma, kufunga. Java nayo hufanya vivyo hivyo, ingawa ilichelewa mno. Ilizipokea soketi hizi katika toleo la 16, mwaka 2021.

Wako wanaopinga njia hii, wakisema kwamba humfanya mwanafunzi kuwa dereva asiyejua kufungua boneti. Hoja yao ina uzito, hasa mahali pamoja. Mwanafunzi akishaifunga soketi hudhani kazi imekwisha, kumbe faili limebaki, kwa kuwa tendo la kufunga halilifuti. Akiianzisha seva tena huambiwa kwamba anwani inatumika, ilhali hakuna anayeitumia.

Hata hivyo, si lazima kumrudisha kwenye C kwa ajili hiyo. Mwalimu asimwonye mapema. Amwache akutane na kosa hilo, kisha amwagize aorodheshe folda kwa amri ya ls -l. Hapo ataona herufi s mwanzoni mwa mstari, na mbele yake idhini za faili. Katika Linux, asiye na idhini ya kuandika hawezi kuunganishwa, na huo ni ulinzi ambao hauhitaji nywila yoyote.

Zoezi la kuanzia laweza kuwa seva ipokeayo alama za mtihani na kurudisha wastani, ikiwa na wateja wawili katika madirisha mawili. Seva sahili ya Python humhudumia mteja mmoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wa pili atakaa kimya mpaka wa kwanza amalize, na darasa litataka kujua kwa nini.