Pikipiki Mchangani: Ajali Ina Kinga

 Naomba nafasi katika jarida la Chama chetu cha Kiswahili nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalozungumzwa sana kwetu Mkokoni, barazani na hata jikoni. Jambo lenyewe ni pikipiki na vijana wanaoziendesha mchangani. Kila mtu akianguka husikii ila msemo mmoja tu: "Ajali haina kinga." Wahenga nawaheshimu sana, lakini kwa upande wa pikipiki naona msemo huo tumeufanya mto wa kulalia. Ajali nyingi za mchangani zina kinga, na kinga yenyewe ni ujuzi wa kuendesha pamoja na bidii ya kuitunza pikipiki.

Kwa wale wasiopajua, Mkokoni ni kijiji cha Wabajuni kilichoko bara, Lamu Mashariki, mkabala na kisiwa cha Kiwayu. Ukishika njia ya kaskazini utafika Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia. Kijijini hakuna lami. Kuna mchanga na vichaka, na ukiingia ndani zaidi kuna udongo mweusi ambao masika hugeuka kama ugali uliokosa kuiva. Zamani safari zetu zilikuwa za miguu, punda na mashua. Mnamo mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zisizozidi 250 cc. Bei zikashuka, nazo pikipiki zikaenea kila pembe ya nchi, na kwetu pia zikafika. Leo pikipiki hubeba samaki, mitungi ya maji, mgonjwa wa kupelekwa zahanati na mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Kwa hivyo anayesema pikipiki ni mchezo wa wahuni hajafikiri vizuri.

Hata hivyo, watu wamegawanyika mafungu mawili. Wazee wengi wangependa zipigwe marufuku, au angalau vijana wazuiwe kushindana pwani siku za Idi na jioni za mapumziko. Vijana nao hujibu ati wazee wamepitwa na wakati, na kwamba asiyejua kuvuta kasi si dume. Mimi naonelea pande zote mbili zimekosea. Wazee wanakitazama chombo na kusahau mwendeshaji. Vijana wanatazama kasi, wasijue kwamba kwenda mbio ni sehemu ndogo mno ya ujuzi wenyewe.

Hebu kwanza tuitazame pikipiki yenyewe. Hizi tunazoziona kila siku, kama Bajaj Boxer na TVS HLX, ni imara na hazili mafuta mengi, ila zimeundwa hasa kwa njia ya kawaida na mizigo. Tairi zake hazina meno makubwa, na gurudumu la mbele la Boxer ni la inchi 17. Pikipiki za porini, mfano Yamaha DT au Honda XL, zina gurudumu la mbele la inchi 21, tairi za meno, springi ndefu na ekzosi iliyoinuliwa juu. Gurudumu kubwa hupanda juu ya mchanga, ilhali dogo hujichimbia. Basi kijana wa Mkokoni anapita mahali pagumu kwa chombo kisichoundwa kwa mahali hapo. Je, huyo si ndiye anayehitaji ujuzi zaidi kuliko yule mwenye pikipiki ya mashindano?

Na ujuzi huo upo, tena unafundishika. Kwanza, kabla ya kuingia mchanga mwingi, upepo wa tairi hupunguzwa kidogo ili tairi ilale na kushika. Ukirudi njia ngumu unaujaza tena. Usiupunguze kupita kiasi, kwani tairi itazunguka juu ya rimu na kuichana tyubu penye vali. Pili, ukiwa peke yako simama juu ya vikanyagio, uzito uwe nyuma kidogo, magoti yabane tangi. Tatu, tazama mbali unakokwenda, usilitazame gurudumu. Nne, usikate moto kwa ghafla, maana ukiukata gurudumu la mbele linazama na kujipinda, na wewe unatangulia kufika kabla ya pikipiki yako! Ukiwa na abiria huwezi kusimama hivyo, basi penye mchanga mwingi abiria ashuke atembee hatua mia moja. Hiyo si aibu hata kidogo. Aibu ni kumwangusha mama wa watu.

Sasa tuje kwenye utunzaji, ambao naona ndio mzizi wa mambo. Mchanga na chumvi ni maadui wa kimyakimya. Chujio la hewa likijaa mchanga, au likiwa limetoboka, vumbi laini huingia ndani ya silinda na kukwaruza ringi za pistoni. Baada ya muda pikipiki inatoa moshi wa samawati, inakula oili, na nguvu zinapungua. Mwenyewe husema amerogwa, kumbe chujio hakulisafisha tangu anunue. Cheni nayo ukiimwagia oili nyingi kisha ukapita mchangani, mchanga unaganda na kuwa kama msasa unaotafuna sproketi usiku na mchana. Dawa yake ni kuipiga brashi kwa mafuta ya taa, kuifuta ikauke, kisha kuitia oili kidogo. Breki ukizipuuza, waya huota kutu, na siku unayozihitaji ndiyo siku zitakayokukana. Ndiyo maana nasema ajali nyingi huanza nyumbani siku nyingi kabla, pikipiki ikiwa imeegeshwa chini ya mwembe.

Hapo kwenye kuosha ndipo penye ugomvi. Chumvi haitoki ila kwa maji matamu, na sote tunajua maji matamu yalivyo adimu katika vijiji vyetu, ambako mvua ikinyesha huhifadhiwa kwenye jabia na kila ndoo huhesabiwa. Mama ametoka mbali na ndoo kichwani, halafu kijana aimwagie pikipiki? La hasha! Lakini mwiko wa kwanza ni rahisi: usiingie na pikipiki baharini kwa kujionyesha, kwani mtu asiyeloa chumvi hahitaji kuogeshwa mara tatu. Mwiko wa pili ni kutumia kitambaa chenye maji badala ya kumwaga ndoo, na maji yaliyosuuzia nguo yanatosha kabisa kwa kazi hiyo. Mambo haya hayahitaji pesa. Yanahitaji adabu.

Ajabu yangu ni kwamba sisi watu wa pwani adabu hii tunayo tayari. Hakuna nahodha anayempa mtoto usukani siku ya kwanza. Mtoto huanza kwa kukumba maji ngamani, akajifunza kamba, akajifunza tanga, akajua kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, ndipo akashikishwa usukani akiwa anatazamwa. Chombo nacho hakisafiri mwaka mzima bila kupandishwa pwani kikatiwa kalafati na kupakwa sifa. Mzee akiona jahazi linavuja hasemi "ajali haina kinga", bali huliziba. Sasa kwa nini kijana anunuliwe pikipiki leo asubuhi na jioni abebe abiria wawili? Kama mashua ina somo lake, pikipiki vilevile iwe na lake.

Jambo jingine ni hayo mashindano ya pwani. Sitasema yasiwepo, maana ujana una haja ya mchezo, na mchezo ukikatazwa hadharani utachezwa gizani. Lakini pwani yetu ina wenyewe wengine. Mkokoni iko ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na fukwe zake hupandwa na kasa kutaga. Kasa mmoja huweza kuacha mayai mia moja na zaidi katika shimo moja, juu ya mstari wa maji kujaa, nayo hukaa takriban miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Pikipiki ikipita hapo hushindilia mchanga juu ya mayai. Hata ikipita kando, alama za tairi ni handaki kwa kasa mchanga aliye mdogo kuliko kiganja. Akitumbukia humo anazungukazunguka mpaka kaa au ndege anamla. Dawa ipo na haimnyimi mtu raha: tushindane maji yakiwa yamekupwa, chini kwenye mchanga mbichi ulio mgumu, mchana, na tusipande kule juu kabisa. Mchanga huo mbichi ndio bora kwa mbio, na maji yakijaa yanafuta alama zote.

Wenzangu wengi wanapenda picha za mbio za Dakar. Nami nazipenda, kwa hivyo nawaomba tuzitazame vizuri. Mbio hizo zilianza Paris tarehe 26 Desemba 1978 zikielekea Dakar, Senegali, na mshindi wa kwanza upande wa pikipiki alikuwa Mfaransa Cyril Neveu. Mwaka 2008 zilifutwa kabla ya kuanza kwa sababu ya vitisho vya usalama nchini Mauritania. Mwaka uliofuata zikahamia Amerika ya Kusini, na tangu mwaka 2020 zimekuwa zikifanyika Saudi Arabia. Nimejifunza mambo mawili hapo. La kwanza, hata matajiri wenye helikopta walikubali kuacha mbio zao kwa ajili ya usalama. Sisi tulioona yaliyotokea pande za Kiwayu mwaka 2011, na operesheni iliyoanza msitu wa Boni mwaka 2015, hatuna sababu ya kucheza na njia za msituni wala kuendesha usiku bila ruhusa. La pili, katika Dakar kuna kundi la waendeshaji wasio na fundi. Kila mmoja ana sanduku lake la vifaa, na akimaliza mamia ya kilomita za jangwani anakaa chini kubadilisha tairi, kusafisha chujio na kumwaga oili kwa mikono yake. Wenzao huwaheshimu kuliko hata washindi. Huyo ndiye dume, si yule anayeinua gurudumu moja mbele ya wasichana kisha hajui plagi iko wapi.

Najua nitaulizwa: wewe mwanafunzi, pikipiki inakuhusu nini? Inanihusu sana. Nina umri wa miaka kumi na sita, na sheria hainiruhusu kupewa leseni ya pikipiki hizi mpaka nifike miaka 18. Lakini wako wavulana wa rika langu walioacha masomo wakaingia kazi ya bodaboda kwa sababu ya noti za kila jioni. Siwacheki, kwani nyumbani kuna njaa. Ila pikipiki isiyotunzwa hufa mapema, na kijana aliyeacha shule kwa ajili yake hubaki bila pikipiki na bila cheti. Mjuzi wa injini, hata pikipiki ikifa, hana hasara kamili, maana ufundi ameubeba kichwani.

Basi napendekeza mambo manne. Kwanza, shule yetu imwalike fundi mara moja kila muhula, injini ifunguliwe mbele ya kidato cha pili na cha tatu. Yale tunayokariri katika fizikia kuhusu msuguano na kanieneo tutayaona kwa macho, na wasichana wawe mstari wa mbele, kwani kufungua nati hakutaki ndevu. Pili, wazee na vijana waketi pamoja na chifu, waweke siku na mahali pa mashindano, mbali na mayai ya kasa. Tatu, mashindano yawe ya ufundi: saa ianze kuhesabiwa mtu akiwa na pancha mkononi, azibe, asafishe chujio, ndipo aondoke, na atakayefika na pikipiki mbovu asihesabiwe. Nne, kofia ngumu ziwe mbili, ya dereva na ya abiria, na abiria awe mmoja kama sheria inavyosema. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi ulionyesha kofia hupunguza vifo vya waendeshaji kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Mchanga unaonekana laini, lakini shina la mkoko si laini.

Nikitamatisha, nawakumbusha wasomaji kwamba wahenga hao hao waliosema ajali haina kinga ndio waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeshika ule msemo wa kwanza kwa kuwa hautudai kazi yoyote. Wakati umefika tuushike wa pili. Wazee, msizichome pikipiki zetu. Vijana wenzangu, leo jioni kabla ya kuuliza ya nani ina kasi zaidi, fungueni kwanza chujio la hewa mtazame kuna mchanga kiasi gani.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu