Sadaka ya Kampuni Ianzie Kwa Nani?



Kila Ramadhani ikikaribia, mitaa yetu hupokea magari ya makampuni yakishusha unga, mchele, sukari na tende. Twashukuru, kwani nyumba nyingi hufuturu kwa msaada huo. Ila baadhi ya dada zetu walioajiriwa katika makampuni ya namna hiyo wametuletea neno zito. Huvishwa fulana zenye nembo, wakapangwa kupigwa picha wakigawa vifurushi. Na mmoja wao, aliyerejea kazini baada ya uzazi, humkamulia mwanawe maziwa chooni.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humtaka mwajiri atenge mahali safi na pa faragha pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa. Muda wa kufanya hivyo, usiozidi saa moja katika kila saa nane za kazi, huongezwa juu ya mapumziko ya chakula nao huhesabiwa kuwa ni kazi. Likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili imo katika Sheria ya Ajira ya 2007. Hizi ni haki, wala si hisani. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kumlipa mwajiriwa ujira wake bila kumchelewesha, hakutufundisha kwamba sadaka ya nje hufuta deni la ndani.

Hatusemi kampuni ziache kusaidia. Twasema mfanyakazi ashirikishwe kwa akili yake, si kwa fulana tu. Wengi wetu tumewapeleka watoto Haller Park pale Bamburi wakatazame twiga na viboko. Pahali pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa jeupe lisiloota kitu. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na kampuni ya saruji, alianza kupanda humo miche ya aina 26. Aina tatu tu ndizo zilizostahimili, mvinje na mnazi zikiwamo. Majani ya mvinje yalipokataa kuoza, waliletwa jongoo (ndio, jongoo hawa hawa tunaowafagia uani!) wakayala na kuyageuza kuwa rutuba. Kazi hiyo ilidumu miaka mingi, na ilitokana na mwajiriwa aliyepewa nafasi ya kujaribu na kukosea.

Hata katika ugawaji wa futari mfanyakazi ana la kusema, maana aujua mtaa wake. Mjane aliye edani hatatoka kupanga foleni mbele ya kamera. Anayemjua ni yule karani au mfagizi anayeishi nyumba ya pili, naye ndiye asiyeulizwa.

Kwa dada aliyetuletea neno hilo, na wenzake: msiende mmoja mmoja. Nendeni watatu au wanne kwenye ofisi ya uajiri, na ombi lenu liwe kwa maandishi, likitaja sheria ile na mwaka wake. Bakini na nakala. Chumba chenyewe si lazima kiwe kikubwa: kiti cha kukalika, meza ndogo, umeme, friji, maji ya kunawa, na mlango unaofungwa kwa ndani.