Siri za jeshi huvuja pia kutoka nyumbani

WENGI hudhani siri za jeshi hulindwa kambini pekee, lakini nyingine huvuja sebuleni, tena bila nia mbaya.

Tuchukue mfano wa familia ya Songwa, wilayani Kishapu, yenye kijana katika ulinzi wa amani nje ya nchi. Mama humtajia jirani siku ya safari, mdogo wake huweka picha ya kaka akiwa na sare kwenye Facebook, shemeji hutaja kikosi katika kundi la WhatsApp. Kila taarifa ni ndogo. Zikiunganishwa, adui hupata tarehe, sura na mahali.

Hatari ya kazi hiyo inafahamika. Desemba 7, 2017, wanajeshi wasiopungua 14 wa Tanzania waliuawa Semuliki, mashariki mwa Congo. Kuhusu uvujaji wenyewe, Januari 2018 ilibainika kuwa ramani ya programu ya mazoezi ya Strava ilionyesha njia walizokimbia askari katika kambi za Marekani ng'ambo. Hawakukusudia kuzifichua.

Familia izungumzie afya ya kijana, inyamazie tarehe, mahali na idadi. Mpigaji simu asiyefahamika anayeuliza hayo asijibiwe. Kujivunia mwana ni haki ya mzazi. Picha isubiri arudi.