Jicho Litangulie Mtambo

Wako wanaodhani kwamba ufundi wa kuongeza majengo katika picha za sinema ni kazi ya mitambo tu, na kwamba haumhusu mwalimu wa shule ya msingi. Sisi hatukubaliani nao. Msingi wa ufundi huo ni kutazama kwa makini, na mahali pa kuujenga msingi huo ni darasa la watoto.

Mwaka 1907 Mmarekani Norman Dawn alipiga sinema ya majengo makongwe ya misheni huko California, ambayo baadhi yake yalikuwa yamebomoka. Alisimamisha kioo kikubwa kiangavu mbele ya kamera, akachora juu yake sehemu zilizokosekana, kisha akapiga picha kupitia kioo hicho. Watazamaji waliona jengo zima. Lakini kamera ilipaswa kutulia mahali pamoja. Ingalisogezwa kidogo, paa lililochorwa lingaliachana na ukuta wa kweli, kwa kuwa kitu kilicho karibu huonekana kuhama zaidi kuliko kilicho mbali.

Siku hizi kompyuta hufuata alama nyingi katika picha, na kutokana na jinsi zinavyohama hukadiria mahali kamera ilipokuwa. Ndipo jengo la kubuni linapoweza kulinganishwa na kimo cha kamera, upana wa mwono wa lenzi na upande wa mwanga. Hata hivyo, ni jicho la fundi linalotambua kwamba kivuli kimeelekea pasipofaa. Mwanafunzi anayekimbilia programu kabla ya kujifunza kutazama hubonyeza vitufe bila kujua anatafuta nini.

Je, sisi walimu tunaliandaaje jicho hilo? Mara nyingi tunachora nyumba ubaoni na kuwaamuru watoto wainakili. Tunapata nyumba arobaini zinazofanana, wala hapana mtoto hata mmoja aliyeitazama nyumba. Desturi hii yafaa iachwe.

Tunapendekeza zoezi lifuatalo. Tengeneza fremu ya vijiti, ufunge nyuzi ndani yake ili zifanye miraba iliyo sawa. Watoto wapige miraba kama hiyo katika karatasi zao. Isimamishe fremu imara mbele ya jengo la shule. Mtoto afumbe jicho moja, atulize kichwa, kisha achore katika kila mraba kile anachokiona katika mraba wa fremu. Baadaye asogee hatua moja kando, atazame tena kupitia fremu ile ile. Aulizwe: mlingoti wa bendera umehamia mraba gani? Na mwembe ulio mbali, je? Tofauti atakayoiona ndiyo ile ambayo kompyuta huikokotoa.

Huenda ikasemwa kwamba madarasa yetu yana watoto wengi mno kwa zoezi kama hili. Ni kweli kwamba ni wengi. Lakini vijiti na uzi havina gharama kubwa, na kila kikundi chaweza kujitengenezea fremu yake.

Kwa hiyo twawasihi walimu wanafunzi walifanye zoezi hili wao wenyewe kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Mwalimu asiyepata kuitazama nyumba kwa namna hii atarudi tu kwenye ile ya ubaoni.