Mkuu wa Maabara Asiogope Kuandika "Haijajulikana"

Wakuu wa maabara za hospitali, hasa ninyi mnaoongoza vitengo vya kupima vinasaba vya saratani, nina neno nanyi. Mashine mpya ni nzuri, na anayeziombea bajeti ana haki. Lakini kazi yenu kubwa ni kuwakinga vijana mnaowaongoza wanapoandika kwenye ripoti kwamba badiliko la jeni waliloliona maana yake haijajulikana.

Chukueni mfano wa saratani ya matiti. Jeni ya BRCA1 ilipatikana mwaka 1994, na BRCA2 mwaka uliofuata. Mwanamke mwenye hitilafu ya kweli katika BRCA1, uwezekano wake wa kupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80 ni takribani asilimia 70, na kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Ndiyo maana wapo wanaokubali kukatwa matiti na kutolewa ovari wangali wazima. Hebu fikirini, ndugu zangu, mama apoteze viungo hivyo kwa badiliko ambalo baadaye lagundulika halina madhara yoyote!

Tangu 2015 maabara nyingi huyapanga mabadiliko katika madaraja matano, kuanzia lenye kuleta maradhi hadi lisilo na neno. Daraja la tatu ni la yale ambayo ushahidi wake haujatosha. Sisi Waafrika huangukia humo mara nyingi zaidi, si kwa kuwa damu yetu ina kasoro, bali kwa kuwa kumbukumbu za kulinganishia zimejaa watu wa asili ya Ulaya. Badiliko la kawaida kabisa Kigoma au Kitui laweza kuonekana kioja humo.

Sasa tazameni. Kijana yuko mbele ya kompyuta, simu inalia. Daktari wa upasuaji ana mgonjwa mbele yake, anataka neno moja: ipo au haipo? Mkuu akijifanya hasikii, kijana atalivuta jibu kidogo kumridhisha aliyepiga. Nasema mkuu aipokee simu hiyo mwenyewe. Aeleze kwamba kwa sasa historia ya ukoo ndiyo iongoze matibabu, kisha aombe damu ya dada au mama mzazi aliyeugua, ionekane kama badiliko hilo linafuatana na ugonjwa.

Wapo watakaosema mgonjwa aliyelipa fedha zake anastahili jibu lililo wazi. Anastahili, tena sana. Ila kisichojulikana hakigeuki kuwa kinajulikana kwa sababu tu kimelipiwa.

Kila badiliko lisomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kabla hawajalinganisha. Na yaliyo daraja la tatu yapitiwe upya kwa ratiba, maana ushahidi hukua. Likihama daraja, mgonjwa atafutwe kupitia daktari wake, hata faili lake likiwa limefungwa siku nyingi. Kazi hiyo haiingizi mapato, kwa hiyo hospitali husahau kuiwekea mtu. Mkuu aiwekee mtu kwa jina, na siku yake ya wiki.