Toyota 86 au Subaru BRZ? Linganisha kwanza, deposit baadaye

Kuna aina ya simu ambayo hatupendi kuipokea kwenye dawati la huduma kwa wateja. Mtu ametuma deposit ya gari Ijumaa usiku. Jumapili ameona lingine, zuri kuliko lile la kwanza au la bei nafuu, na sasa anataka tumrudishie pesa. Tunamsikiza, lakini jibu letu si tamu. Pesa zilienda kwa nambari aliyoikusudia, kiasi alichokusudia, na PIN aliiweka mwenyewe. Huduma ya kurudisha muamala iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea nambari. Aliyebadilisha nia inabidi azungumze na muuzaji, na muuzaji naye ameshazila.

Ndiyo maana leo tunaongea magari. Tumechukua mawili ya spoti yenye milango miwili, Toyota 86 na Subaru BRZ, kwa sababu yanafundisha vizuri jambo tunaloliamini: deposit ni hatua ya mwisho ya kulinganisha. Ukiifanya ya kwanza, hujalinganisha chochote. Utakuwa unatafuta sababu za kujipongeza.

Mapacha wa kiwanda kimoja

Toyota na Subaru waliyatengeneza magari haya kwa pamoja, yakaanza kuuzwa mwaka wa 2012. Yote mawili yanaundwa kwenye kiwanda cha Subaru mkoani Gunma, Japani. Ya kizazi cha kwanza yana injini ileile ya boksa, ile ambayo pistoni zake zimelala kwa ubavu, cc 1,998, nguvu za farasi kama 200, gia sita, manual au automatic. Kizazi cha pili kilikuja 2021 na injini ya cc 2,387, na Toyota ikaibadilisha jina yake kuwa GR86.

Sasa wapenzi wa Subaru, tusikizane. Wengi wetu hapa Kenya tukisikia Subaru tunawaza turbo na magurudumu yote manne yakivuta. BRZ ilitoka kiwandani bila turbo, na inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, sawasawa na 86. Hata hiyo herufi R kwenye jina lake inasimamia magurudumu ya nyuma. Kama unaongeza pesa ukidhani itapanda matope ya Limuru kama Forester, unalipia beji.

Tofauti zipo, lakini ni ndogo. Kando na bampa na taa, kwenye kizazi cha kwanza BRZ ilipewa springi ngumu kiasi mbele, na 86 ikapewa laini mbele na ngumu kidogo nyuma. Kwa hivyo BRZ inatulia zaidi kwenye kona, na 86 inatikisa mkia mapema. Je, unapenda ipi? Hatujui, na hata wewe hujui hadi uziendeshe zote mbili. Picha za WhatsApp haziwezi kukuambia. Na ukishatuma laki moja kwa mwenye 86, hutakwenda kuijaribu BRZ kwa moyo mweupe.

Usilinganishe majina, linganisha magari mawili

Kwa kuwa ni mapacha, shida zao nyingi pia ni za pamoja. Yote yako chini, kama sentimita 13 kutoka ardhini, kwa hivyo bampu za mtaa wenu zitakuwa na maoni. Yote yanataka petroli ya oktani ya juu, ile ya bei zaidi kwenye pampu. Plagi ziko ubavuni mwa injini, kwa hivyo kazi ya dakika chache kwa gari lingine hapa inamla fundi muda, na muda wa fundi unalipiwa. Haya usiyabishanie, hayakusaidii kuchagua.

Kinachokusaidia ni historia ya gari lenyewe. Kwa sheria ya Kenya, gari lililotumika haliingizwi nchini likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake 86 au BRZ ya 2012 au 2013 unayoiona ikiuzwa leo imeshatembea barabara zetu miaka kadhaa. Na mwishoni mwa 2018 kulitangazwa kuwa magari mengi ya miaka hiyo ya kwanza yarudishwe kubadilishiwa springi za valvu, kazi inayotaka injini ishushwe na kufunguliwa. Muulize muuzaji: hii ilifanyiwa? Wapi, na nani? Jibu la swali hilo ni la maana kuliko rangi ya rimu.

Kisha chukua karatasi, uchore safu mbili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfano wetu huu ni wa kubuni, weka nambari zako. Tuseme 86 ni shilingi 2,300,000 na BRZ ni 2,450,000. Wengi watakimbilia 86, wameokoa 150,000. Lakini fundi anasema hiyo 86 inataka matairi manne, 90,000, na klachi, 60,000. Bima yake nayo imekuja 20,000 zaidi. Jumla imefika 2,470,000. Ile ya bei ya chini ndiyo ghali.

Mkopo nao uwe na mstari wake. Milioni moja kwa asilimia 14 kwa miaka mitatu inaonekana kitu kimoja popote uendapo. Sivyo. Riba ikihesabiwa kwa mkopo wote wa mwanzo kila mwaka, utalipa riba ya 420,000. Ikihesabiwa kwa deni linalobaki, ni karibu 230,000. Muulize afisa wa mikopo ni hesabu gani anatumia, kabla hujauliza kitu kingine.

Na kama unaagiza kutoka Japani, usilinganishe bei ya huko pekee. KRA huhesabu ushuru kwa kutumia orodha yake ya bei kwa kila modeli, kwa hivyo pata hesabu ya kila gari kivyake, hata kama ni mapacha.

"Kuna mtu mwingine anaikujia jioni"

Tunajua utatuambia nini. Magari haya si Probox, hayako kila kona, na ukichelewa linachukuliwa. Ni kweli. Muuzaji halali pia ana haki ya kujua kama uko serious. Hatusemi usilipe deposit kamwe. Tunasema kuna mambo ya kumaliza kabla, na yote yanaweza kumalizwa kwa siku moja au mbili:

1. Lipia rekodi ya gari la NTSA kupitia eCitizen, paybill ya serikali 222222. Itakuonyesha jina la mwenye gari na nambari ya chasisi, na kama kuna benki au mkopeshaji anayelidai. Linganisha nambari hiyo na iliyo kwenye gari, kwa macho yako.

2. Peleka fundi wako. Wa muuzaji ni wa muuzaji.

3. Endesha yote mawili siku moja, barabara moja, ikiwezekana.

4. Andikianeni makubaliano: kiasi cha deposit, nambari ya chasisi, gari litawekwa siku ngapi, na lini pesa zitarudishwa. Makubaliano haya ndiyo yatakayokutetea. Ujumbe wa simu unaonyesha tu kwamba ulituma.

5. Ndipo utume. Kabla ya PIN, soma jina linalotokea. Liwe la mwenye logbook au la kampuni ya yadi. Ukiambiwa "hiyo ni ya dereva wetu" au "tuma kwa broka atatufikishia", acha simu chini.

Pesa zilizobaki usizikatekate. Muamala mmoja wa M-Pesa una kikomo cha 250,000, na siku nzima ni 500,000. Gari la milioni mbili na zaidi ungelituma kwa siku kadhaa, na siku zote hizo pesa ziko kwake na gari pia liko kwake. Tumieni benki, mkiwa mmeketi pamoja, yeye akianzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya eCitizen na wewe ukiukubali kwenye yako.

Tunaelewa ni ajabu kampuni inayopata ada ukituma pesa ikuambie usitume bado. Lakini tumerahisisha kutuma mpaka imekuwa rahisi kuliko kufikiri, na tunaona ni wajibu wetu kusema hivyo. Ada ya muamala wako mmoja haitoshi kulipia mazungumzo ya Jumatatu asubuhi na mtu aliyepoteza akiba ya miaka miwili.

Kwa hivyo kama una 86 na BRZ kwenye orodha yako wikendi hii, beba karatasi, fundi na nauli. Mwenye gari akikwambia bila deposit huwezi hata kulifungua bonati, mwachie huyo mtu mwingine anayelikujia jioni.